Fundi wa klima Bunia: karatasi gani wanakuomba mbele ya kukupa kazi?

Bunia iko zaidi ya metre 1 200 juu ya bahari, na usiku watu wanajifunika blanketi. Basi nani hapa anatafuta fundi wa klima? Mara chache ni mwenye nyumba. Ni banki yenye chumba cha mashini, kampuni ya simu, labo ya hospitali, depo ya dawa, biro za mashirika. Hao wateja hawapendi kulipa mkono kwa mkono. Wanataka fakture yenye namba.

Hapo ndipo vijana wengi wanakwama. Kazi wanaijua vizuri, lakini wakiulizwa RCCM wananyamaza. Mwisho mtu mwengine mwenye karatasi anachukua soko, anawatuma wapande dari, na jina lake ndilo linaandikwa kwenye kontra. Pesa kubwa inabaki kwake.

RCCM ni nini? Ni daftari ya wafanyabiashara, inashikwa na grefe ya tribinali, kufuatana na sheria za OHADA ambamo Kongo iliingia mwaka 2012. Guichet unique iliwekwa ili mtu asizunguke biro kwa biro: mule unaomba RCCM, Identification nationale na namba ya kodi pamoja. Uliza bei yenye kuandikwa, na usitoke bila risiti.

Kama uko peke yako na feza ni kidogo, kuna mlango mwengine, ule wa « entreprenant ». Unatangaza kazi yako bila malipo, unapewa namba, na unangoja hiyo namba mbele ya kuanza. Kwa frigo za mtaani inatosha. Kwa banki, ujiandae kuombwa RCCM.

Sheria ya 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance ni silaha ambayo mafundi wengi hawaitumii. Inasema kazi ambayo kampuni kubwa inagawia wengine ni ya makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji iko mikononi mwa Wakongomani. ARSP ndiyo inaangalia hayo na kuandikisha makampuni. Lakini bila RCCM, kule hauna cha kuonyesha.

Karatasi haipoeshe chumba, ni kweli. Na kazi yenyewe inabadilika. Gazi R22, iliyozoeleka katika klima za zamani, inaharibu ozoni. Kwa Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zilipaswa kuipunguza pamoja na gazi za jamii yake kwa asilimia 67,5 mwaka 2025, na mwaka 2030 itabaki kidogo sana ya kutengenezea mashini za zamani. Mashini mpya zinakuja na R32, ao R290 ambayo ni propane, sawa ile ya kupikia. Zote mbili zinaweza kushika moto. Fundi anayejaza R290 ndani ya klima ya R22 kwa sababu ni bei rahisi, anaacha bomu kwenye ukuta wa mteja.

Ndiyo maana brevet ina uzito. INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964, inapokea hata mtu aliyekwisha kufanya kazi, kwa kumuongezea ujuzi. Ukiipata, fanya kopi na uiambatanishe na devi yako. Mule mule andika aina ya gazi, na stabilizatere, maana courant ya hapa tunaijua.