Kabla hujamtegea sumu "mwewe", mtazame kwanza

Vijana wengi mnaolima mahindi na kufuga kuku wa kienyeji mnanipigia kuulizia sumu ya mwewe. Mimi nauliza: mwewe yupi? Wale ndege wadogo tunaowaita mwewe au kipanga kwa jumla hawafanani kazi, na mmoja wao anakulindia mbegu.

Anza na tabia, rangi baadaye, maana kwenye jua kali rangi inadanganya. Ukiona ndege amesimama palepale hewani, anapiga mabawa bila kusogea huku macho yako chini, huyo anawinda panya au panzi. Banda lako hana habari nalo. Akiwa mweupe tumboni, kijivu mgongoni, mabega meusi na macho mekundu, chakula chake kikubwa ni panya. Utamkuta peupe kabisa, juu ya nguzo ya umeme au mti mkavu. Mwenzake mwenye mgongo wa kahawia-nyekundu na mabawa yaliyochongoka naye husimama hewani hivyo hivyo. Huyo ni wa panzi, mijusi na panya.

Waliopanda mahindi Morogoro wanajua panya shamba anavyofukua mbegu siku chache tu baada ya kupanda. Na jike mmoja anaweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo. Sasa wewe unamuua anayewala!

Wa kumchunga hasimami hewani. Mabawa yake ni mafupi na ya mviringo, mkia mrefu, kifua kina mistari myembamba iliyokata kwa upande. Anajificha kwenye majani, halafu anachomoka chini chini. Ukisikia kuku wanapiga kelele, ameshapita. Hata huyu anakula sana mijusi na ndege wadogo, ila kifaranga aliyeachwa wazi hamwachi. Yule mkubwa wa kahawia, mdomo wa njano na mkia wenye panda, anayezunguka machinjioni, naye anabeba vifaranga.

Sumu haichagui. Hata ile ya panya ni shida: panya aliyeila hufa baada ya siku kadhaa, anatembea kilegevu mchana, na ndege anamdaka kirahisi na sumu yake tumboni.

Vifaranga waweke kwenye tenga au chini ya wavu wiki 8 za kwanza. Shambani simika miti mikavu ya mita 3 au 4, mbali na banda, kabla ya kupanda, ndege wa panya wapate pa kutua.