Kwa Nini Bomba la Maji Hupasuka Wakati wa Baridi Kali

Chupa ya soda iliyosahauliwa ndani ya friza hupasuka, na kila mwanafunzi aweza kutaja sababu yake: maji yanapoganda hutanuka. Molekuli zake hujipanga katika umbo la pembe sita lenye nafasi wazi katikati, na ujazo huongezeka kwa asilimia 9 hivi. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba katika nchi za baridi bomba la maji la nyumbani hupasuliwa na barafu yenyewe, inayosukuma kuta zake. Dhana hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Bomba si kama chupa. Barafu ikizibana ndani yake ina nafasi ya kurefuka, nayo huyasukuma maji yaliyo mbele yake. Upande wa barabarani maji hayo hurudi nyuma bila madhara. Upande wa bilula iliyofungwa hayana pa kwenda, na maji hayakubali kubanwa. Shinikizo hupanda mno hata bomba likapasuka, mara nyingi mahali pasipo na barafu hata chembe. Uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, katika miaka ya 1990, ulionyesha hayo.

Ndiyo maana wenyeji wa nchi hizo huacha bilula ikidondosha maji usiku wa baridi. Husemwa kuwa maji yatembeayo hayagandi. Kumbe yaweza kuganda vizuri sana. Faida kubwa ya matone hayo ni kwamba shinikizo limepata mlango.

Dawa hiyo ina gharama yake. Katika jimbo la Texas, ambako nyumba hujengwa kwa kufikiria joto zaidi kuliko baridi, mabomba mengi hupita darini na katika kuta za nje. Katikati ya Februari 2021 baridi kali iliingia, umeme ukakatika katika mamilioni ya nyumba, na vipasha joto vikazimika. Maji yaliyoachwa yatiririke, pamoja na yale yaliyovuja katika mabomba yaliyopasuka, yalipunguza nguvu ya maji mijini. Watu zaidi ya milioni 14 walipata taabu ya maji, na wengi wakaagizwa kuyachemsha.

Kinga bora ni kulipitisha bomba katika sehemu ya nyumba yenye joto, au kulifukia chini ya kina kinachofikiwa na mgando wa ardhi. Kulivika kihami husaidia, ila kihami hakizai joto. Huchelewesha tu kupotea kwake. Nyumba ikiachwa tupu, heri kufunga koki kuu na kuyatoa maji yote.

Bomba lililokwisha kuganda huyeyushwa kwa hewa ya moto au vitambaa vilivyochovywa katika maji moto, kuanzia kwenye bilula iliyofunguliwa, wala si kwa mwali wa moto. Koki kuu iwe karibu na mkono, kwani ufa waweza usijulikane mpaka barafu iyeyuke na maji yaanze kumwagika kutoka darini.