Kagua Mlima kwa Siku Moja Kabla ya Kupandisha Mifugo



Kila mwaka mvua zinapoanza katika Bonde la Kilombero, maji ya Mpanga, Mnyera, Ruhudji na Kihansi hukusanyika na kufurika kwenye mbuga za chini. Malisho ya kiangazi huzama, njia huwa tope, na mifugo hulazimika kupanda kwenye ardhi ya juu. Mwenye ng'ombe anayesubiri hadi siku hiyo ndipo aulize wapi kuna maji na nyasi, huchelewa. Mara nyingi huishia kwenye shamba la mtu, ndani ya hifadhi, au kwenye pori lenye mbung'o.

Kipeperushi hiki kinakueleza namna ya kupanga safari ya siku moja kwa miguu, bila mifugo, kwenda kukagua vilima na kurudi nyumbani kabla ya giza. Kimeandikwa kwa kaya za Masagati na jirani zake, lakini hesabu zake zinafaa kwenye mlima wowote mkavu.

Kwa nini mwezi wa 10?

Mwezi wa 5 kila korongo lina maji, kwa hiyo maji unayoyaona wakati huo hayakuambii kitu. Mwezi wa 10 miti imepukutisha majani, nyasi zimeungua au zimekauka, na mawe yanachoma kama jangwani. Chemchemi inayotoa maji wakati huo ndiyo ya kutegemea. Ni msimu mzuri wa kukagua, lakini pia ni msimu mbaya wa kutembea: kivuli ni kidogo, joto ni kali, na makorongo mengi uliyozoea kunywa yamekauka. Mtu hodari anaweza kuzidiwa huko. Ndiyo maana safari hii inahitaji mpango.

Kabla ya kuondoka

1. Uliza ardhi ni ya nani. Nenda ofisi ya kijiji uone mpango wa matumizi ya ardhi: wapi ni malisho, wapi ni mashamba, wapi ni msitu wa hifadhi au pori la akiba. Kama eneo ni la kijiji kingine, zungumza kwanza na viongozi wa huko. Usitumie nguvu zako kukagua mahali ambapo mifugo yako haitaruhusiwa kuingia. Bonde letu ni ardhi oevu iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002, na mipaka ya hifadhi husimamiwa kwa sheria.

2. Tafuta anayeijua njia. Warina asali, wazee na wachungaji waliowahi kupita huko wanajua korongo lipi lina genge na tembo hupita wapi. Waulize kuhusu mwaka huu pia.

3. Nendeni watu 3. Mmoja akiumia, wa pili hubaki naye na wa tatu hufuata msaada. Mkiwa 2, mgonjwa ataachwa peke yake. Usimtume mtoto kwa kazi hii, hata kama ni mchungaji mzuri.

4. Acha taarifa nyumbani. Mwambie mama wa nyumbani au jirani: tunapita njia hii, tunakwenda mahali hapa, tutarudi saa 11 jioni. Kubalianeni pia kwamba ikifika saa 1 usiku hamjaonekana, atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Msipobadilisha njia, watakaowatafuta watajua pa kuanzia.

Hesabu ya saa

Watu wengi hukosea hapa kwa sababu hupima njia kwa macho. Kilima kinaonekana karibu, kumbe kuna makorongo mawili katikati. Tumia hesabu hii: saa 1 kwa kila kilomita 4, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Hesabu ya namna hii ilibuniwa na mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, mwaka 1892, na bado inatumika. Yeye alihesabu kilomita 5 kwa saa. Sisi tunapunguza kwa sababu ya joto na mawe.

Mfano: chemchemi iko kilomita 8 kutoka bomani na iko juu kwa mita 600. Kilomita 8 ni saa 2, kupanda ni saa 1, na mapumziko mafupi ni nusu saa. Jumla ni saa 3 na nusu. Siku yako itakuwa hivi:

- Saa 12 asubuhi: kuondoka, mara kunapopambazuka. Usitangulie giza, maana tembo na nyati huwa bado njiani.
- Saa 3 na nusu asubuhi: kufika.
- Saa 3 na nusu hadi saa 5 na nusu: kukagua maji, nyasi na mbung'o.
- Saa 5 na nusu hadi saa 8 na nusu mchana: kula na kupumzika kivulini. Hizi ni saa za jua kali, usitembee.
- Saa 8 na nusu: kuanza kushuka.
- Saa 11 jioni: kufika nyumbani, ukiwa na zaidi ya saa 1 ya akiba kabla jua halijazama.

Weka pia saa ya kugeuka. Katika mfano huu ni saa 4 asubuhi. Ikifika saa 4 hamjaiona chemchemi, rudini, hata kama mnahisi iko nyuma ya kilima kinachofuata. Saa hii ipangwe nyumbani na wote waikubali, kwa sababu mtu aliyechoka na mwenye kiu hawezi kuamua vizuri akiwa mlimani.

Hesabu ya maji ya kunywa

Mtu anayetembea juani hupoteza kati ya nusu lita na lita 1 ya jasho kwa saa. Katika safari ya mfano wetu, kutembea na kukagua ni saa 8. Kwa nusu lita kila saa, hiyo ni lita 4. Ongeza lita 1 ya akiba. Kwa hiyo kila mtu abebe lita 5, sawa na dumu moja dogo. Ni mzigo, lakini unapungua kila unapokunywa.

Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, usingoje kiu. Yakibaki nusu na bado hamjafika, hiyo nayo ni saa ya kugeuka. Usipange safari kwa kutegemea maji ya chemchemi unayokwenda kukagua, maana hujui kama ipo.

Vitu vingine vya kubeba: ugali au viazi vya kuchemsha, chumvi kidogo, kofia au shuka la kichwani, kisu, kiberiti, filimbi, kitambaa safi cha kufungia jeraha, daftari na kalamu, na simu iliyojaa chaji. Zima simu mkiwa njiani, iwasheni juu ya mgongo wa kilima ambako mtandao huwa rahisi kupatikana. Acha pombe nyumbani.

Kuhusu nguo: mbung'o huvutwa na rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi. Vaa shuka la rangi nyingine siku hiyo.

Mambo 4 ya kukagua

1. Maji. Beba ndoo ya lita 20. Kinga maji na uhesabu muda hadi ijae. Kwa mfano, ikijaa kwa dakika 10, chemchemi inatoa lita 2 kwa dakika, yaani lita 120 kwa saa, au lita 2,880 kwa usiku na mchana. Ng'ombe wetu wa asili akipewa wastani wa lita 30 kwa siku, ng'ombe 60 wanahitaji lita 1,800. Kwa hesabu hiyo maji yanatosha, lakini tu kama yatakusanywa kwenye birika au lambo usiku kucha. Ng'ombe 60 wakifika pamoja kwenye mchirizi wa lita 2 kwa dakika, wataukanyaga na kuugeuza tope. Angalia pia nani anachota maji hayo chini. Kama kuna kaya, birika lijengwe pembeni, mbali na chanzo.

2. Malisho. Usidanganywe na kijani kinachochipua baada ya moto. Mimea mingine ya kwanza kuchipua ina sumu, na ng'ombe mwenye njaa huila. Beba tawi la mmea usioujua ukamwonyeshe afisa mifugo.

3. Mbung'o. Mkiumwa mkiwa mmekaa kivulini, andika mahali na saa. Pori hilo lina hatari ya nagana. Ni bora kujua leo kuliko kujua baada ya ng'ombe kukonda na kutupa mimba.

4. Njia ya mifugo. Wewe umepita, je, ndama atapita? Tazama mawe, magenge na vivuko.

Hatari na la kufanya

Joto. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Simama, ingia kivulini, kunywa maji yenye chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mwenzako akianza kusema ovyo, kuyumba au kuzirai, hiyo ni hatari ya kifo. Mvue nguo za juu, mmwagie maji mwilini, mpepee, na mtu mmoja akimbilie msaada. Usimnyweshe kitu mtu asiyejitambua.

Kupotea. Simama, kisha rudi kwa nyayo zako. Usifuate korongo kushuka ukidhani litakufikisha bondeni, maana makorongo ya milima yetu huishia kwenye maporomoko. Pale Sanje, katika Milima ya Udzungwa, maji huanguka mita 170. Ukikwama, tulia mahali pa wazi na upulize filimbi mara 3, upumzike, urudie.

Mvua ya ghafla. Mwisho wa mwezi wa 10 mvua inaweza kunyesha juu na wewe chini usione hata tone. Katika milima mikavu ya Oman watu hufa kwa kusombwa na maji kwenye mabonde yaliyokuwa mchanga mtupu. Usipumzike wala kulala ndani ya korongo. Ukisikia mngurumo kutoka juu, panda ukingoni, acha mzigo.

Nyoka. Aliyeumwa asitembee kama anaweza kubebwa. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Mfikisheni kituo cha afya haraka.

Ukirudi

Kaa na familia jioni hiyo hiyo, pamoja na vijana watakaochunga na kina mama wanaokamua na kuchota maji. Someni daftari: maji lita ngapi, malisho ya ng'ombe wangapi, mbung'o wapo au hawapo, njia inapitika au haipitiki. Jambo moja likikosekana, punguza idadi ya mifugo itakayopanda au tafuta mlima mwingine. Kisha nenda kwa afisa mifugo wa kata kwa ushauri wa chanjo na dawa, na kupata kibali kabla ya kuhamisha mifugo.

Kumbuka: siku moja ya kukagua inaweza kuokoa kundi zima. Lakini hakuna chemchemi inayostahili maisha ya mtu. Saa ya kugeuka ikifika, geuka. Mlima hauhami, utaukuta siku nyingine.