Korongo Apandaye Nchi ya Baridi

Nchi ya Ufipa ni uwanda ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Ziwa Rukwa liko kiasi cha meta 800 juu ya bahari, na mji wa Sumbawanga kiasi cha meta 1,800. Kila apandapo mtu meta 1,000, hewa hupungua joto kadiri ya digrii 6. Ndiyo maana mgeni atokaye bondeni hutafuta blanketi afikapo Sumbawanga. Lakini wako ndege wapendao nyanda za majani, ziwe za bondeni au za juu, na mmoja wao ni korongo mweupe.

Korongo huyu hulea makinda yake Ulaya. Mwezi wa Agosti, majira ya joto yakiwa karibu kwisha huko, makinda hujua kuruka, wala hakuna tena kimfungacho ndege na kiota chake. Ndipo hufuata chakula popote kilipo. Mwezi wa Novemba na Desemba huingia Tanzania, wakati mvua ziotapo majani mapya, na panzi na viwavi kuzidi.

Je, ndege mkubwa kama huyu hupandaje milima bila kuchoka? Jua likichoma ardhi, hewa iliyo karibu nayo hupata moto, ikawa nyepesi, ikapaa. Korongo hutandaza mabawa yake akazunguka ndani ya hewa hiyo, naye huinuliwa juu asipige bawa. Mlima umchoshao mchukuzi, kwake ni ngazi.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua korongo waendako. Mwaka 1822 korongo mmoja alipigwa risasi Ujerumani, akaonekana ana mshale wa Kiafrika uliompenya shingoni. Hivyo safari yake ikajulikana. Ndege huyo angali amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Bonde la Rukwa ni mahali pamoja wazaliwapo nzige wekundu. Tangu 1930 hata 1944 nzige wa namna hiyo walienea sehemu kubwa ya Afrika, wakala mazao ya watu. Korongo hula nzige. Basi mwenye shamba la ulezi amwonapo akitembea polepole kondeni, asimrushie jiwe: huyo ni mlinzi asiyedai ujira.