Mafuta Yaliyofungwa Chini ya Ziwa la Kale



Katika vikao vya kamati za sharika tumekuwa tukiulizwa swali moja kwa namna mbalimbali: je, chini ya maziwa yetu kuna mafuta, na kama yapo, mbona hayachimbwi? Maswali yameongezeka tangu ilipofahamika kwamba mafuta ya Ziwa Albert nchini Uganda yatasafirishwa kwa bomba hadi Tanga. Wapo pia wanaoshawishika kuuza au kununua mashamba kwa kusikia tu habari za namna hii. Kwa hiyo tumeona ni vema kueleza kwamba kuwapo kwa mafuta ni jambo moja, na kutoka kwake ni jambo lingine kabisa. Mfano mzuri uko China.

Bonde la Ordos, kaskazini mwa China, leo ni nchi ya vilima vya udongo wa manjano na mvua chache. Yapata miaka milioni 240 iliyopita palikuwa na ziwa kubwa lenye mwani mwingi. Mwani ulipokufa ulizama, na kwa kuwa maji ya chini hayakuwa na oksijeni, haukuoza wote bali ulichanganyika na tope. Wenzetu wa Kigoma hawatashangaa. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470 hivi, lakini samaki huishi katika maji ya juu tu, kwani chini ya meta 200 hivi hakuna oksijeni.

Tope lile la Ordos lilifunikwa na matabaka mengine, likashuka chini sana ardhini kwenye joto la kiasi cha nyuzi 100 za Sentigredi, na mwani ukageuka kuwa mafuta. Wanajiolojia huliita tabaka hilo Chang 7.

Ugumu unaanzia hapa. Mafuta hayakai ardhini kama maji ndani ya tanki. Hukaa katika vitundu vya mwamba. Kwenye ziwa lile, mchanga laini ulikuwa ukiporomoka chini ya maji kutoka midomo ya mito hadi katikati ya ziwa, ukalala kati ya matabaka ya tope. Baadaye ulibanwa na uzito wa juu, na chokaa pamoja na mfinyanzi vikaziba nafasi zilizobaki. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye tope la jirani yaliingia humo kwa nguvu, yakanaswa. Mwamba huo ni kama nyumba yenye vyumba vingi ambayo milango yake ni tundu la sindano: vitundu vyake vinaweza kuwa sehemu moja kati ya kumi ya mwamba wote, lakini njia za kutoka kitundu kimoja hadi kingine nyingi hazifiki hata elfu moja ya milimita kwa upana. Aidha, shinikizo la ardhini pale ni dogo, hivyo mafuta hayajisukumi yenyewe.

Ndiyo sababu kisima cha kwanza cha mafuta cha China bara kilichimbwa katika bonde hilohilo, huko Yanchang, mwaka 1907, lakini mafuta ya Chang 7 yakasubiri hadi karne hii. Siku hizi huchimba kisima kwenda chini, kisha hukilaza ndani ya tabaka kwa zaidi ya kilomita moja, halafu hupasua mwamba kwa maji mengi na mchanga. Maji hayo yanahitajika katika nchi kavu. Na kisima kikishaanza, mafuta hupungua haraka tangu mwaka wa kwanza.

Miamba ya ziwani ina tabu zaidi kuliko ile ya baharini, kama ya North Dakota, Marekani. Tabaka la bahari huenea mbali likiwa lilelile, ilhali la ziwa hubadilika ndani ya kilomita chache. Tena mara nyingi lina mfinyanzi mwingi, ambao ni mlaini, na nyufa hurudi kujifunga.

Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba eneo la Qingcheng katika bonde hilo lina tani milioni 358 zilizothibitishwa na nyingine milioni 693 zilizokadiriwa. Hicho ni kiasi kilichomo mwambani. Katika miamba ya aina hii, kinachotoka kwa kawaida hakifiki sehemu moja kati ya kumi. Kamati ikisikia takwimu kubwa, iulize kwanza ni ipi kati ya hizo mbili.

Mafuta ya Ziwa Albert, yaliyothibitishwa mwaka 2006, nayo yametokana na tope la ziwa la kale, ila yalipata bahati ya kukusanyika katika mchanga uliolegea, ambamo hupita kwa urahisi. Hata hivyo yana nta nyingi, kama ilivyo kawaida ya mafuta ya mwani wa ziwani, na yakipoa huganda kama mshumaa. Kwa sababu hiyo bomba la kilomita 1,443 la kwenda Tanga limebuniwa kupashwa moto njia nzima, mafuta yakae kwenye nyuzi 50 hivi.