Motokaa ya Umeme Ikivuta Upande Unapofunga Breki

Njia zetu za Ipililo si za motokaa peke yake. Hupita ng'ombe, hupita baiskeli zenye mizigo, hupita watoto waendao shule. Katika nchi yetu ya Tanzania motokaa hushika upande wa kushoto. Basi motokaa ikivuta kushoto wakati wa kufunga breki, yawaendea wenye kwenda kwa miguu. Ikivuta kulia, yaliendea gari linalokuja. Kwa hiyo haifai dereva kusema, "Naijua tabia yake, nitaishikilia kwa usukani." Siku atakapokanyaga breki kwa ghafula, usukani hautamtosha.

Labda mwingine atauliza: motokaa za umeme zatuhusu nini sisi watu wa vijijini? Zatuhusu, maana zinatukaribia. Chuo Kikuu cha Makerere huko Uganda kilionyesha motokaa yake ya umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Mjini Nairobi mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Tena motokaa zinazotumia petroli na umeme pamoja, kama Toyota Prius, zina desturi ile ile ya breki. Kijana anayejifunza ufundi leo, kesho atazikuta mlangoni pa gereji yake.

Motokaa ya umeme ina breki za namna mbili. Ya kwanza ni mota yenyewe. Dereva akiondoa mguu, magurudumu huizungusha mota, nayo hugeuka kuwa jenereta: hurudisha umeme katika betri, na papo hapo hupunguza mwendo. Ya pili ni breki tuliyoizoea, yaani pedi mbili zinazobana diski ya chuma. Kwa kuwa mota hufanya sehemu kubwa ya kazi, pedi hukaa muda mrefu bila kuisha. Hiyo ni faida. Lakini chuma kisichofanya kazi huliwa na kutu. Maji na vumbi huingia, diski hushika kutu, na zile pini ambazo kalipa hutelezea juu yake hukauka na kukwama. Ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya watengenezaji wa Volkswagen ID.3, iliyotoka mwaka 2020, kurudia breki za ngoma katika magurudumu ya nyuma, maana ngoma imefunikwa.

Sasa, fundi ataanzia wapi? Aanze na lililo rahisi. Apime upepo wa matairi, kushoto na kulia, nao uwe sawa kama kiwanda kilivyoagiza. Atazame kama matairi ni ya namna moja na yameisha sawasawa.

Kisha atafute ni breki ipi yenye kosa. Pahali pa wazi, pasipo watu, aende mwendo wa kilometa 30 kwa saa, aondoe mguu na kuiacha mota ipunguze mwendo. Arudie tena akiwa ametia gia katika N, na akanyage breki polepole. Katika motokaa nyingi za umeme, gia ikiwa katika N, mota haisaidii kusimamisha. Pedi peke yake ndizo zinazofanya kazi. Ikienda sawa mara ya kwanza na kuvuta mara ya pili, kosa limo katika pedi, kalipa au mipira ya mafuta ya breki. Ikivuta mara zote mbili, atazame matairi tena, na bushi za mikono ya magurudumu ya mbele.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Motokaa ikivuta kulia, wao hufungua gurudumu la kulia. Kumbe mara nyingi la kulia ni zima, linashika vizuri; mgonjwa ni la kushoto lisiloshika. Baada ya kufunga breki mara kadhaa, sogeza mkono karibu na kila gurudumu, bila kugusa chuma. Lililo baridi kuliko mwenzake halifanyi kazi. Lakini lililo na moto mkali, hata kama breki hazikutumika sana, limekwama na halitaki kuachia. Hilo huvuta upande wake lenyewe.

Kabla ya kufungua, zima motokaa kabisa na uweke ufunguo mbali, kwa kuwa katika motokaa nyingine umeme waweza kuzisukuma breki zenyewe. Tegemeza motokaa juu ya stendi imara, si juu ya jeki tu. Nyaya nene za rangi ya machungwa usiziguse kamwe. Nissan Leaf za kwanza zilikuwa na betri ya volti 360 hivi, nazo zaweza kuua. Kazi ya breki haihitaji kuzifungua.

Toa pini, zisafishe, uzipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huharibu mipira. Pedi yenye mafuta haisafishwi, hutupwa. Pistoni ikikataa kurudi ndani, fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo: ikirudi sasa, mpira wa mafuta umeziba ndani, isiporudi, kalipa yenyewe imeharibika. Pedi mpya zitiwe kushoto na kulia pamoja, maana mpya na kuukuu hazishiki sawa.

Na ikiisha kupona, isirudi kukaa bure. Mara moja kwa juma, pahali pasipo watu, dereva afunge breki kwa nguvu mara chache ili kutu itoke. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano, na mtoto aliye kando ya njia atafika kwao salama.