Kazi inayokwisha kabla mama hajajua ana mimba

Mama anapochelewa kuona siku zake kwa wiki mbili, wengi hudhani ni mapema mno kuwazia afya ya mtoto. Kumbe wakati huo kazi moja kubwa tumboni huwa imekwisha: kujengwa kwa bomba litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo.

Hebu tuitazame kazi hiyo. Katika wiki ya tatu tangu mimba itungwe, kiinitete hakifiki urefu wa punje ya mchele. Mgongoni mwake seli zimetandazwa kama mkeka. Ndani ya seli za katikati mna nyuzi za protini ambazo hukaza upande wa juu, mithili ya kamba ya mdomo wa mfuko. Mkeka hujikunja, kingo zake huinuka, hukutana na kushikana. Ncha ya kichwani huzibwa karibu siku ya 25, na ya chini karibu siku ya 28.

Je, kila seli hujuaje wajibu wake? Seli hupashana habari kwa protini. Chini ya bomba hilo mna kijiti cha seli kinachotoa protini iitwayo Sonic hedgehog, jina lililotokana na mchezo wa video. Baadhi ya seli zilizo karibu, zinazopata protini nyingi, huwa neva za kuendesha misuli. Zilizo mbali hushika kazi nyingine.

Bomba lisipozibwa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na huenda miguu ikapooza. Lisipozibwa kichwani, mtoto hufa kabla ya kuzaliwa au punde baadaye. Hii si laana wala uchawi, na mama asilaumiwe.

Hata hivyo, kuna kinga. Seli zinapogawanyika huhitaji vitamini iitwayo asidi ya foliki ili zitengeneze DNA. Utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza na kutangazwa mwaka 1991 ulihusu wanawake waliowahi kupata mimba yenye kasoro hii. Kwa waliomeza vitamini hiyo tangu kabla ya kushika mimba, hatari ya kasoro kurudi ilipungua kwa asilimia 72.

Hapa Kenya, tangu mwaka 2012 sheria inataka unga wa pakiti, wa ngano na wa mahindi, utiwe asidi ya foliki. Unga wa kusagiwa mtaani mara nyingi hauna. Maharagwe, ndengu, machungwa na mboga za majani zisizochemshwa kupita kiasi husaidia, lakini wataalamu hushauri pia tembe ya mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Aliyewahi kupata mtoto mwenye kasoro hii, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari kwanza, wala asiache dawa zake kiholela.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa bomba hili, siku za kukunja ni chache, na hazingoji kliniki.